Kaboni ya mtumba au alumini mpya: baiskeli ya safari ndefu kwa mtu wa Arusha

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu hapa Arusha, nina miaka 41, urefu sentimita 172, uzito kilo 78. Kwa sasa naendesha baiskeli ya mlima ya inchi 26, nafika nayo Usa River na kurudi. Nataka baiskeli ya lami ya kwenda Moshi na kurudi siku moja, baadaye Babati, na Mungu akijalia Tanga. Nina milioni tatu. Nimeona mbili. Moja ni mtumba wa Ulaya, ya mashindano, fremu ya kaboni saizi 56, gia kumi za Ultegra (za Shimano, daraja la juu), mbele meno 53 na 39, nyuma 11 hadi 25, breki za kwenye ringi, kilo 7.8, kwa milioni mbili na laki sita. Nyingine ni mpya, alumini, ya masafa (ya safari ndefu), saizi 54, gia nane za Claris (za Shimano, daraja la chini), mbele 50 na 34, nyuma 11 hadi 32, breki za diski za waya, tairi za 32, kilo 10.4, kwa milioni mbili na nusu. Wenzangu wote wanasema kaboni. Wewe unasemaje?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nunua ile ya alumini. Nimetanguliza jibu ili usisome kwa wasiwasi. Sasa nikupe sababu, maana wenzako wakikuona nayo watakucheka na itabidi uwe na la kuwaambia.

Kwanza tuondoe hili la uzito, kwa kuwa najua ndilo lililowateka. Tofauti ni kilo 2.6. Ukipanda baiskeli ukiwa na chupa mbili za maji na vifaa vyako, mzigo mzima, wewe ukiwemo, unakaribia kilo 91. Kilo 2.6 hapo ni chini ya asilimia tatu. Kwenye mlima unaokuchukua saa nzima ungeokoa kama dakika moja na nusu hivi. Kwenye tambarare hungeokoa kitu cha kuhesabu, kwa sababu ukishavuka mwendo wa kilomita 20 kwa saa adui mkubwa ni upepo, na kinachoukata upepo ule ni kifua chako na mabega yako kuliko fremu. Mtu anayeinua baiskeli dukani kwa kidole kimoja na kutabasamu anapima kitu ambacho hatakiona tena akiwa Kikatiti jua la saa sita.

Kinachoniogopesha kwenye baiskeli ile ya mtumba ni ile namba 56, kaboni yenyewe sina ugomvi nayo. Kwa mtu wa sentimita 172, fremu ya mashindano ya 56 ni ya mtu mwingine. Usiishie kwenye namba lakini, maana kila kiwanda kina namba zake. Vipimo vinavyosema kweli ni viwili, na vimo kwenye jedwali la kila fremu: kutoka katikati ya ekseli ya pedeli (ile iliyo ndani ya fremu, inayozungushwa na pedeli zote mbili) kwenda mbele hadi juu ya bomba la usukani, na kutoka hapo hapo kwenda juu. Fremu za mashindano za 56 huwa na karibu sentimita 39 kwenda mbele. Za masafa za 54 huwa kati ya 37.5 na 38, na kwa kimo mara nyingi zinalingana na ile kubwa au kuizidi. Kwa hiyo unaletewa usukani karibu na wewe bila kuushusha. Sentimita moja na nusu si kitu ukienda sokoni na kurudi. Ukikaa juu ya baiskeli saa saba, ndiyo tofauti ya kufika ukiwa na shingo na kufika huna.

Muuzaji atakwambia shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika usukani kwa mbele, inabadilishwa. Ni kweli. Kutoka milimita 100 unaweza kwenda 90 au 80 na baiskeli ikaendelea kutii. Ukishuka zaidi ya hapo inaanza kuyumba mkononi, hasa ukiteremka kwa kasi. Atakwambia pia kwamba utazoea. Hapo usimsikilize. Mwili wa miaka 41 unazoea mazoezi. Fremu kubwa hauizoei, unaivumilia tu, na malipo yake ni vidole kufa ganzi. Ganzi ikianza kwenye kidole kidogo na cha pete, ujue mshipa wa fahamu unaopita kwenye kitako cha kiganja umebanwa, kwa sababu uzito wako umeegemea mbele kupita kiasi.

Kabla hujalipa hata kwa hii ninayokushauri, pima mguu. Simama ukutani bila viatu, weka daftari gumu katikati ya mapaja, lipandishe mpaka likubane kama siti inavyokubana, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa daftari hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 80, siti yako ikae sentimita 70 na nusu kutoka katikati ya ekseli ile ya pedeli hadi juu ya siti, ukipima kwa kufuata bomba la siti. Ni pa kuanzia tu, utaongeza au kupunguza kidogo, lakini nenda dukani na namba hiyo na futi kamba mfukoni. Siti ikishawekwa hapo, panda, shika usukani pale juu ya breki. Viwiko visinyooke kabisa, na uweze kuinua viganja sekunde chache bila kuanguka mbele. Ukishindwa hilo dukani, Moshi huendi.

Sasa tairi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza pesa.

Kutoka Sakina hadi Tengeru una njia nne na unaweza kujidanganya kwamba uko Ubelgiji. Baada ya hapo barabara inarudi kuwa moja kila upande. Basi linapiga honi nyuma, lori linakuja mbele, na wewe utashuka pembeni kwenye changarawe utake usitake. Kila mji una matuta, na kabla ya matuta kuna rasta zinazokutikisa hadi meno. Baiskeli za kaboni za miaka ile ya Ultegra ya gia kumi, nyingi hazipitishi tairi pana kuliko milimita 25. Huwezi kuziongeza hata ukiwa na pesa, kwa sababu uma (unaoshika gurudumu la mbele) na breki vimeacha nafasi hiyo tu. Tairi ya 25 kwa mtu wa kilo 78 inataka upepo wa psi 90 hivi. Tairi ya 32 inatosheka na 60 nyuma na 55 mbele. Ukigonga ukingo wa lami na ile ya kwanza, tyubu inabanwa kwenye ringi na kupasuka matundu mawili sambamba. Ukigonga na ya pili, unatukana tu na kuendelea.

Wenzako watasema tairi pana ni nzito kusukuma. Ingekuwa kweli kama lami yetu ingekuwa kioo. Kwenye lami yenye kokoto zilizochomoza, tairi ngumu inarukaruka, na kila mruko ni nguvu ya miguu yako inayoishia kutikisa nyama badala ya kukupeleka mbele. Hata waendeshaji wa Tour de France, ambao miaka ya 2000 walikuwa wakitumia tairi za 23, leo wako kwenye 28 na zaidi, na hawakufanya hivyo kwa kupenda starehe. Usijaze upepo mpaka namba ya juu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ile ni mwisho wa uvumilivu wa tairi, mtengenezaji hakuiandika akujue wewe.

Kuna mtego mmoja wa vipuri. Ringi za baiskeli zote mbili ulizoona ni za kipimo cha 700C, yaani milimita 622 pale tairi inapokaa. Duka la vipuri vya kawaida litakuuzia tairi ya "28" ya Phoenix. Hiyo inakaa kwenye ringi ya milimita 635, na haitashika kwenye ringi yako hata fundi akiapa. Tazama namba ndogo zilizochongwa ubavuni: unatafuta 32-622, au 28-622. Tyubu ni jambo jingine, ina huruma zaidi. Tyubu nyingi za "28" zimeandikwa zinafaa 622 na 635 zote, na hata ya inchi 26 ukiivuta inaweza kukufikisha nyumbani siku ya dhiki. Tairi za baiskeli za mlima za inchi 29 nazo ni 622, ila ni pana mno kwa fremu yako.

Na valvu. Baiskeli hizi huja na zile valvu nyembamba zenye kinati kidogo juu, na pampu ya kijana wa pancha pale Maji ya Chai haitazishika. Nunua kile kifuniko cha shaba kinachogeuza valvu nyembamba kuwa ya gari. Nunua viwili, kimoja kitapotea.

Tuje kwenye gia. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, Moshi iko chini ya 900. Asubuhi utashuka ukiimba na utajiona bingwa. Kurudi ni kupanda, na unapanda jua likiwa limeshakuchosha. Kabla ya kufika Boma Ng'ombe kuna lile korongo la mto Kikafu: unateremka hadi darajani kisha unatoka upande wa pili kwa mguu wako mwenyewe. Chukua mwendo wa kilomita 8 kwa saa mlimani. Kwa 39 mbele na 25 nyuma, mwendo huo unakutaka ukanyage mizunguko kama 40 kwa dakika, yaani umesimama juu ya pedeli na magoti yanalia. Kwa 34 mbele na 32 nyuma unakanyaga karibu 58, umekaa, unapumua. Goti ndilo linalolipa tofauti hiyo. Nimewaona vijana wenye mapafu ya farasi wakiacha baiskeli kabisa kwa sababu ya magoti, na wote walikuwa wanasukuma gia za watu wengine.

Ili niwe mwadilifu: ile ya mtumba unaweza kuibadilisha mbele ukaweka 50 na 34, na nyuma ukaweka 11 hadi 28. Utafika kwenye mizunguko 52 hivi mlimani. Lakini hapo umeshatumia sehemu nzuri ya ile akiba yako, tairi bado ni 25 na fremu bado ni 56.

Gia nane dhidi ya gia kumi, wenzako wanaona aibu. Mimi naona faida. Mnyororo wa gia nane ni ule ule wa gia sita na saba, mnene, wa bei ya chini, na unapatikana hata kwenye maduka yasiyojua neno Ultegra. Unachokosa ni hatua ndogo ndogo kati ya gia moja na nyingine. Utakuwa unajikuta mara nyingine katikati, hii nzito kidogo, ile nyepesi kidogo. Inaudhi kwenye tambarare ndefu yenye upepo wa mbele, nakubali, na kule Makuyuni utanikumbuka kwa ubaya. Lakini mnyororo ukikatika Minjingu, mnene ndio utakaoungwa.

Kuhusu kaboni ya mtumba kwa ujumla, kwa kuwa utaulizwa: kaboni nzima haina ubaya. Shida ni kwamba haionyeshi maumivu. Alumini na chuma zikigongwa hujikunja au hubonyea na unaona kwa macho. Kaboni inaweza kuachana matabaka yake ndani huku rangi ya juu inang'aa. Baiskeli iliyosafiri kwenye kontena imelaliwa na nyingine, na hakuna aliyeandika historia yake. Mtu akisisitiza kununua, namwambia atoe siti na nguzo yake atazame pale inapobanwa, achunguze bomba la chini karibu na pedeli na mabomba mawili yanayokwenda gurudumu la nyuma, kisha agonge pole pole kwa sarafu fremu nzima. Mlio uwe mkavu ule ule. Ukisikia mahali pamezubaa, pafikirie mara mbili. Na uma wa mbele utolewe kabisa ili kutazama bomba lake la juu, kwa sababu hilo likivunjika hupati nafasi ya kusimama. Muuzaji akikataa uma usitolewe, umeshapata jibu lako. Fremu nyingi za namna hiyo pia zina beringi za ekseli ya pedeli zilizosukumizwa ndani bila kufungwa kwa kuzungusha. Kwenye vumbi letu huanza kulia kwi-kwi-kwi kila ukikanyaga, na fundi wa kawaida hana kifaa cha kuzitoa. Hakikisha ile ya alumini ina aina inayofungwa kwa kuzungushwa kama bolti.

Breki nitazipita haraka. Za kwenye ringi za alumini zinafanya kazi vizuri, na peke yake isingekuwa sababu ya kukataa baiskeli. Za diski zinashinda wakati wa masika, na hazili ringi. Kwa kuwa ni za waya badala ya mafuta, waya ukikatika unaweka mwingine na safari inaendelea. Nunua jozi mbili za pedi siku ile ile unayonunua baiskeli na uziweke ndani, maana siku utakapozihitaji dukani hazipo. Na fundi asipake mafuta mnyororo kwa kumwagamwaga. Tone moja kwenye diski, breki zako zimekwisha.

Hiyo ya alumini nayo si malaika. Magurudumu yake huenda ni mazito. Hesabu spoku: nataka uone 28 au 32 kila gurudumu, za kawaida zenye kichwa kilichopinda. Muombe muuzaji spoku nne za akiba za urefu sahihi, uzifunge kwa tepu kwenye fremu. Siti inayokuja nayo huenda ni nene na laini. Laini inafurahisha kilomita kumi za kwanza, baada ya hapo nyama inazama na kubanwa pale pasipotakiwa. Unataka siti ngumu kiasi, yenye upana wa mifupa yako ya makalio, iliyolala sawa bila kuinama. Na kaptula ya pedi huvaliwa bila chupi. Samahani, Mwalimu, lakini nisipolisema mimi hakuna atakayekwambia.

Kitu kimoja ambacho karibu hakuna anayekiuliza: pale gia ya nyuma inaposhikwa kwenye fremu kuna kibao kidogo cha alumini kilichofungwa kwa skrubu. Kimetengenezwa kipinde au kuvunjika baiskeli ikianguka, ili fremu ipone. Kila fremu ina umbo lake la kibao na hakiazimishwi. Dai kimoja cha akiba kabla hujatoa hela. Baiskeli ya milioni mbili na nusu imewahi kukaa ukutani miezi kwa kukosa kibao hicho.

Utabaki na laki tano. Usiongeze kwenye baiskeli. Kofia ngumu, taa nyekundu ya nyuma utakayoiwasha hata mchana, tyubu tatu, pampu, viraka, funguo za heksi, kifaa cha kukatia mnyororo na vishikizo viwili vya chupa za mililita 750. Kikibaki chochote, tairi moja ya akiba nzuri ikae nyumbani. Viatu vya kujifunga kwenye pedeli viache mpaka mwakani.

Na usidanganywe na vile vitu vipya vya bei ya chini vyenye usukani uliopinda vinavyoonekana kama baiskeli ya mashindano. Vingi vina friwili ya gia saba inayofungwa kwa kuzungushwa kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Ekseli ya nyuma kwenye habu hiyo inabaki bila egemeo upande wa gia, na kwa kilo 78 itapinda. Muulize muuzaji kama nyuma ni kaseti, yaani gia zinazovishwa juu ya habu, au friwili. Asiyejua tofauti, muage kwa heshima.

Baiskeli ya mlima usiiuze. Masika itakufaa, na mtoto akikua ataichukua.

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, Septemba 2025, kila mtu anataka baiskeli aliyoiona chini ya Pogačar, aliyeshinda mbio za wanaume. Sawa. Lakini Pogačar siku ile aliendesha zaidi ya kilomita 260 na gari la mafundi likimfuata nyuma, na jioni kulikuwa na mtu wa kumkanda misuli. Wewe nyuma yako kuna basi la Babati.

Kuhusu Babati yenyewe: ni kilomita 160 na ushee, na baada ya Magugu, ukiwa umeshachoka, barabara inakupandisha. Kabla ya hapo nenda Moshi na urudi mara kadhaa, wiki tofauti. Kila ukirudi andika ni kitu gani kiliuma kwanza na mahali gani: shingo, mkono, goti la mbele au la nyuma. Goti likiuma kwa mbele, siti pengine iko chini; likiuma kwa nyuma, pengine iko juu. Sogeza milimita tatu, usizidi, halafu safari nyingine. Baada ya hapo niandikie vipimo ulivyofikia na unipigie picha ukiwa juu ya baiskeli kutoka ubavuni, mikono ikiwa kwenye breki, nitazame kabla hujaifikiria Tanga.